Upande wa Mkono wa Kula

Dedza, 17 Septemba 2017

Mama mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Madalo ambaye tunalala kitanda cha juu na cha chini. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama barua zangu nyingine zote, kwa hiyo naanza nalo. Ninakula kwa mkono wa kushoto.

Si mbele za watu. Bwaloni nachukua sahani yangu, napita mlango wa nyuma hadi kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, na ninakula huko nimesimama. Kwa mkono wa kulia naweza, ulinifundisha, lakini tonge linanivunjikia, na hapa kitoweo tunakula wengi kwenye bakuli moja. Nikija kuliweka sawa tonge la pili, bakuli limekwisha. Mwaka jana nililala na njaa mara nyingi kabla sijaugundua ule ukuta. Sasa nambembeleza mpishi ananitilia maharagwe yangu kwenye sahani.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinifunga mkono kwa kitambaa chako cha kichwani tukikaa kula. Sikulaumu. Mimi nilijua ni kwa faida yangu, ila mkono wenyewe haukujua. Naandika kwa mkono wa kulia bila shida, nafagia, nashona. Ni kula tu.

Sasa matroni ametangaza kwamba kuanzia Oktoba ni marufuku kutoka na sahani bwaloni. Sijui nifanye nini. Naomba uniambie, hata kama ni kunigombeza.

Hongera kwa kazi mpya. Sikuelewa vizuri kwenye barua yako: unauza magari?

Mwanao,
Ulemu


Blantyre, 28 Septemba 2017

Ulemu mwanangu,

Barua imefika. Mimi nauzia wapi magari? Wauza magari wako mbele, nyuma ya vioo, wamevaa tai na wanapigwa na kiyoyozi. Mimi niko nyuma kabisa, kwenye ghala la vipuri. Fundi akitaka kitu, oda inatoka kwenye printa ikiwa na namba ya rafu. Nachukua toroli, natafuta namba, natoa boksi, nampelekea fundi dirishani. Nimepewa ovaroli ya buluu yenye jina langu kifuani, Enelesi. Tangu baba yako atutoke, ni kazi ya kwanza ambayo watu wananiita jina langu bila kuongeza "yule anayeuza mandazi".

Lakini bado niko kwenye majaribio hadi Krismasi. Hapo Bambo Gondwe, bwana anayesimamia ghala, ndiye atakayeamua kama nabaki. Niombee.

Ghala zima ni sisi wawili, mimi na kijana anaitwa Fyson. Mdomo wake hauna breki. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama Ulemu, shokapu unaijua?" Nikamwambia, "Naijua, ndiyo inayokosekana kwenye ulimi wako." Tangu siku hiyo ananiheshimu kidogo.

Umeme ukikatika, na mjini huku sasa unakatika kila uchao, printa inalala. Ghalani hakuna hata dirisha la nje, ni giza tupu, na mafundi wanaendelea na jenereta lao. Hapo mkuu wao, Bambo Chikapa, anaita oda kwa mdomo. Na kwa kuwa kulia na kushoto, yaani manja na manzere, yakipita kwenye kelele za jenereta huwa ni neno moja, yeye hayatumii. Kulia anaita "wa kula", kushoto anaita "wa kupumzika". Utamsikia: "Taa ya mbele, wa kula! Madigadi, wa kupumzika!" Vitu vyote vyenye pande mbili viko kwenye kichochoro kimoja, vya kulia kwenye rafu ya kulia ukiingia, vya kushoto kwenye rafu ya kushoto. Unaingia na tochi, unanyoosha mkono, unachukua.

Jana nilirudishiwa taa. Bambo Chikapa aliagiza wa kula, akasema nimempa wa kupumzika. Nilishangaa sana. Labda boksi lilipangwa vibaya.

Mtii matroni, sahani ni mali ya shule. Soma sana, ule vizuri.

Mama yako,
Enelesi


Dedza, 8 Oktoba 2017

Mama mpendwa,

Nimeisoma barua yako mbele na nyuma, nikaitikisa hata bahasha nikidhani kuna karatasi nyingine iliyobaki ndani. Uliandika "mtii matroni" na "ule vizuri", lakini siwezi kufanya yote mawili, ndiyo maana nilikuandikia. Au hukuona mwanzo wa barua yangu? Au umeuona na umekasirika? Kama umekasirika niambie tu, maana sasa sijui naogopa nini.

Sahani hazitoki tena, matroni anasimama mlangoni mwenyewe. Ninakula kwa mkono wa kulia pamoja na wenzangu. Madalo anasema shingo yangu imerefuka.

Kuhusu ile taa, nimefikiri sana. Nilikwenda maktaba, kuna kitabu cha zamani cha ufundi wa magari. Kinasema kulia na kushoto kwa gari ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva. Ukisimama mbele ya gari kama unayelisalimia, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako. Labda ulipoambiwa taa ya mbele, akilini mwako ulikuwa umesimama mbele ya gari. Naona hilo ndilo jibu.

Nakuombea kila jioni.

Mwanao,
Ulemu


Blantyre, 20 Oktoba 2017

Ulemu,

Hicho kitabu kirudishe maktaba. Habari ya kiti cha dereva niliambiwa siku ya kwanza kabla hata sijavaa ovaroli, na kile kichochoro ndivyo kilivyopangwa: ukiingia ni kama umekaa kwenye usukani. Fyson nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa juu ya bampa. "Mama Ulemu, mwambie binti yako aje tumpe ovaroli, wewe uende Dedza ukasome."

Lakini mambo si mazuri. Nimerudishiwa tena, kioo cha pembeni, halafu madigadi. Mwenye gari alikuwa amekaa anasubiri, na Bambo Chikapa alinitazama kama mtu aliyekuta chumvi kwenye chai. Oda ya karatasi sijakosea hata moja, Ulemu, hata moja. Ni gizani tu, umeme ukikatika. Tena mara nyingine napatia, mara nyingine nakosea. Wakiniambia "wa kula" nauona mkono wangu kabisa unavyokwenda, nina hakika nao. Nikifika dirishani ni kitu kingine.

Bambo Gondwe ameniita ofisini. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Mama, sitaki kukupoteza, lakini fundi akishindwa kumwamini mtu wa ghala, mtu huyo nitamweka wapi?" Nilitoka nikaenda kusimama kati ya maboksi mpaka macho yakauke.

Nafikiri kuna mtu ananichezea. Si uchawi, usianze kunihubiria. Mtu, mwenye mikono.

Shingo ndefu ni ya familia yetu. Kunywa maji.

Mama yako,
Enelesi


Dedza, 27 Oktoba 2017

Mama mpendwa,

Nililia niliposoma kwamba umesimama kati ya maboksi. Jambo langu la mwanzo lisahau, halina uzito, sitalitaja tena.

Nimefikiri kwa utaratibu, kama mwalimu wetu wa hesabu anavyotaka. Kwanza, oda za karatasi hukosei, kwa hiyo tatizo si wewe. Pili, makosa yanatokea umeme ukikatika tu, yaani wakati mtu anaweza kufanya kitu bila kuonekana. Tatu, ghalani mko wawili. Wa pili ni yule anayecheka. Ukikosa kazi, yeye anabaki peke yake na sifa zote.

Kwa hiyo Fyson anahamisha maboksi kutoka rafu hii hadi ile kabla hujaingia. Sioni maelezo mengine. Mweleze Bambo Gondwe, Mama, tena umweleze kwa mpangilio huu huu wa kwanza, pili, tatu, maana ukieleza kwa hasira hatakusikiliza.

Mwanao,
Ulemu


Blantyre, 14 Novemba 2017

Kwa dada msomi Ulemu,

Hunijui, au tuseme unanijua kuliko ninavyojijua. Mimi ni Fyson Malunga. Anwani nimeiona nyuma ya bahasha yako, ile ambayo mama yako alikuja nayo kazini akamsomea Bambo Gondwe barua mbele yangu. Kwanza, pili, tatu. Una mwandiko mzuri, nilijua hata kabla ya kuuona, kwa jinsi mama yako alivyokuwa akisoma bila kukwama.

Sasa mimi niko uani, naosha magari ya wateja. Vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahaulika kwenye beseni. Ovaroli yangu imechukuliwa, nimepewa gambuti. Sikuandikii kukutukana. Dada yangu mdogo ana umri kama wako, naye akianza kufikiri nyumba nzima tunajificha. Nina swali tu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika. Mimi nilikuwa uani na ndoo, watu wananiona. Bambo Chikapa akaita, "Taa ya mbele, wa kula!" Mama yako akaleta wa kupumzika. Kwa mpangilio wako wa kwanza, pili, tatu, huyo aliyehamisha boksi ni nani? Bambo Gondwe anasema huenda nina funguo. Nina funguo za wapi mimi, hata ndoo si yangu.

Mama yako simchukii. Siku zote namtania tu, kwa sababu ni mtu mwenye majibu, na ghala lina upweke. Jambo moja tu sijapata kujibiwa. Mchana tukikaa kula, anageukia rafu, mgongo kwangu, kama anayesali. Nilimwambia, "Mama Ulemu, mbona unaificha nyama hiyo?" Akasema, "Kula chako." Nikamwambia, "Basi hata harufu unigawie." Hakugeuka. Kwa hiyo kama ghalani kuna mtu anayeficha kitu, mimi hadi dagaa wangu wa usipa walikuwa wanaonekana na kila mtu.

Soma vizuri.

Fyson M.


Dedza, 19 Novemba 2017

Mama,

Kaka Fyson ameniandikia. Sijamjibu bado kwa sababu sijui niandike nini kabla hujaniambia jambo moja. Sitaliandika kwa mpangilio wowote.

Bambo Chikapa akiita "wa kula", ni mkono gani unaokujia?

Ulemu


Blantyre, 2 Desemba 2017

Ulemu mwanangu,

Nimekaa na swali lako kuliko nilivyokaa na barua yako yoyote. Nililiweka mfukoni mwa ovaroli. Nilikuwa na hasira nawe, halafu sikuwa na hasira nawe, halafu sikujua nina nini.

Jumatano umeme ukakatika. Bambo Chikapa akaita, "Kioo cha pembeni, wa kula!" Nikaingia kichochoroni, nikanyoosha mkono, na kabla sijagusa boksi nikasimama. Nikaumulika mkono wangu kwa tochi. Ulikuwa wa kushoto, mwanangu. Umenyooka kabisa, hauna wasiwasi, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Bibi yako alikuwa akinipaka pilipili vidoleni. Nilijifunza kula kwa kulia mbele za watu, na nikiwa peke yangu nakula ninavyokula. Siku zile ninazopatia gizani, nadhani ni siku ambazo nimetoka kula mbele ya wageni. Baba yako tuliishi naye miaka yote ile na amekufa hajui. Niliwaandalia chakula, nikakaa nanyi, nikamega kidogo kidogo, nyote mkasema mama hali sana. Mama alikuwa anakula jikoni.

Siku ya kwanza uliposhika tonge kwa mkono ule, ulikuwa huna hata meno ya kutosha, niliona kama nimekuambukiza. Ndipo nikatoa kitambaa. Nilikufunga ili mtu asije akauliza umeutoa wapi. Uliponiandikia Septemba, niliona mwanzo wa barua yako, niliuona vizuri sana. Nilisoma mara nyingi. Halafu nikakuandikia habari za matroni. Sikujua mtu anajibuje jambo kama hilo.

Nilichofanya Jumatano ni hiki. Nilikwenda dirishani mikono mitupu. Bambo Chikapa akasema, "Kioo kiko wapi?" Nikamwuliza, "Bambo Chikapa, wa kula wa nani?"

"Wa nani kivipi? Wa kila mtu."

"Wangu ni huu," nikamwambia, nikauinua. Mafundi wote walikuwa wanatazama. Nilitamani jenereta liendelee kupiga kelele, na liliendelea, lakini sikulisikia.

Bambo Chikapa alinitazama, akautazama mkono, akasema, "Kumbe taa zangu zote zilikuwa zinaliwa kushoto." Mmoja akacheka. Mwingine, mzee mwenye kofia, aligeuka akaenda kunawa, sijui alikuwa na maana gani. Nikarudi, nikatoa kioo cha kulia, nikampa, nikaenda ofisini kwa Bambo Gondwe kabla miguu haijabadili mawazo. Nikamwambia Fyson hakugusa boksi lolote. Nikamwambia kwamba barua iliandikwa na mtoto na ikasomwa na mtu mzima, na mtu mzima alikuwa mimi.

Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuletewa shauri kama hili, na hajui aliweke kwenye faili gani. Mwisho aliamua: Fyson anarudi ghalani mara moja, na majaribio yangu yanaanza upya Januari. Nikaomba hadi wakati huo nichukue ile ndoo ya Fyson. Akasema si lazima. Nikasema najua.

Kwa hiyo sasa naosha magari. Ovaroli wameniachia. Fyson alipita uani akasimama, nami nikamwomba radhi nikiwa na sifongo mkononi. Akaziangalia gambuti. Halafu akasema, "Mama Ulemu, gambuti hizo zinavuja ya kushoto. Yaani wa kula." Akaenda zake. Nasikia juzi Bambo Chikapa gizani alijisahau, akaita, "Taa, wa Mama Ulemu!" na Fyson akaleta ya kushoto bila kuuliza. Sijui nicheke au nikasirike. Bado naamua.

Kuhusu bwaloni sina la kukuamuru. Kile kitambaa nimekitupa.

Mama yako,
Enelesi


Dedza, 10 Desemba 2017

Mama mpendwa,

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisomea kule kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, kwa mazoea tu, sikuwa na sahani.

Mambo mengi bado siyaelewi. Sielewi kwa nini nilikuwa na hakika vile kuhusu Kaka Fyson, kwa kuwa kila hatua niliiona sawa. Sielewi pia kama nikukasirikie kwa kile kitambaa. Nikianza kukasirika nakuona unakula jikoni, na hasira inakosa mahali pa kukaa. Labda tutazungumza Krismasi.

Kaka Fyson nimemwandikia. Nimeandika kwamba nilikosea, na kwamba sikuwa na haki ya kumtaja mtu ambaye sijawahi hata kumwona. Barua nyingine nimemwandikia Bambo Gondwe, ina mambo hayo hayo. Mwalimu amenisaidia kupata anwani.

Halafu nilichofanya ni hiki. Jumamosi mchana nilinawa mikono yote miwili kwenye bomba, nikachukua sahani yangu, nikaenda kukaa kwenye meza yetu katikati. Kitoweo kilikuwa usipa. Nikamega sima kwa mkono wa kushoto, nikachovya kwenye bakuli la wote. Wasichana wawili waliokuwa mbele yangu walitazamana, wakachukua sahani zao wakahamia meza nyingine, na mmoja akasema kitu ambacho sikukisikia vizuri, nadhani alitaka nikisikie. Tonge halikuvunjika.

Matroni alikuja akasimama nyuma yangu. "Ulemu, umenawa?"

"Ndiyo, matroni. Yote miwili."

Akarudi mlangoni.

Madalo alikuwa amekaa kushoto kwangu, na kila tukipeleka mikono bakulini viwiko vyetu vinagongana. Akauangalia mkono wangu, akaniangalia mimi. "Kumbe ndio huu?" akasema. "Basi hapo ulipokaa si pako, utanimwagia mchuzi. Hama."

Nikanyanyuka na sahani yangu, nikampita, nikakaa mwisho wa benchi, upande wa mkono wangu wa kula, nikamaliza chakula.

Mwanao,
Ulemu